Bua Lenye Pembe Tatu

Watu huniambia hasira hasara. Waniambie tena. Nimeishi na hasira hii tangu masika ya mwaka juzi, na sijaona hasara hata moja ambayo sikuwa nimeshaipata kabla sijakasirika. Kwa hiyo anayenipenda asinipoze. Akae anisikilize. Na asiniulize ni bonde gani, wala kijito gani, wala jina la Kilatini la mmea wenyewe. Jina nalijua, nalijua sana, na silitaji.

Kazi yangu ni mimea mikavu. Nafanya kazi hapa Morogoro mjini, katika chumba kirefu chenye makabati ya chuma. Ndani ya makabati kuna majalada, na ndani ya majalada kuna mimea iliyobanwa, ikakaushwa, ikashonewa kwenye karatasi ngumu na kuandikiwa lebo. Lebo inasema mmea ni nani, ulichumwa wapi, na nani aliyeuchuma. Mtu akija na jani asilolijua, mimi ndiye ninayelitafutia jina. Nimefanya kazi hiyo tangu nikiwa msichana, na sasa nina wajukuu. Vijana wa ofisini huniita mama nyasi. Hilo nalo linaniudhi, maana ninachokijua zaidi ya watu wote wa jengo lile si nyasi. Ni ndugu wa ndago.

Ndago kila mkulima anaijua na kila mkulima anailaani. Unaing'oa leo, kesho imerudi na wenzake. Lakini ndago ina ukoo mkubwa, na wengine katika ukoo huo ni wapole, wanakaa kivulini kando ya maji, hawamsumbui mtu. Na hawa wote si nyasi, jamani! Nimesema mpaka nimechoka. Shika bua lao kati ya kidole gumba na cha shahada, ulizungushe. Bua la nyasi ni la mviringo, lina mafundo, na aghalabu ndani lina uwazi. Bua la ndugu wa ndago lina pembe tatu, utazisikia zikikukwaruza, na ndani limejaa. Majani yake yametoka kwa safu tatu, kila safu na upande wake. Na pale jani linapolikumbatia bua, nyasi imepasuka mbele kama koti, lakini huyu amefungwa pande zote kama soksi. Hata asiyejua kusoma anaweza kumtambua kwa vidole, gizani, bila mimi.

Basi asubuhi moja akaja askari wa msitu na pikipiki yake. Kijana tu, umri wa mwanangu wa mwisho. Akaingia na mizigo miwili ya majani mabichi, akaitupa mezani kwangu.

"Shikamoo mama. Tupatie jina la hii kitu."

"Marahaba. Na usitupe mmea mezani kwangu kama unatua kuni."

Akacheka, akaomba radhi, akanieleza. Walikuwa wamemkamata mama mmoja kwenye njia ya mlimani, chini kidogo ya msitu wa hifadhi, mizigo hiyo ikiwa kichwani. Mama mwenyewe anasema amekata shambani kwake. Wao wanasema amekata msituni, na kukata kitu msituni bila kibali ni kosa. Kesi imeshafunguliwa, itasikilizwa baada ya wiki mbili. Kwa hiyo jambo lilikuwa limebaki moja tu: jani hili ni la wapi? Likiwa la msituni, mama ni mwizi. Likiwa la shambani, anarudi nyumbani kwake.

"Wewe ndiye utakayetwambia," akasema.

Nikamuuliza mama huyo anayafanyia nini. Akasema anatengeneza kata. Hapo nikaelewa. Wanawake wanaoteremka mlimani na mikungu ya ndizi na matenga ya mboga hawawezi kuweka mzigo juu ya utosi mtupu. Wengi huzungusha kanga. Lakini anayebeba kila siku anataka kata ya majani, iliyosukwa ikakazwa, kwa sababu haitelezi wala haichomi kichwa. Mama yule alikuwa anasuka na kuuza kata hizo sokoni. Inawezekana hata mimi nimewahi kununua kwake.

Sasa ugumu wake ni huu. Ndugu hawa wa ndago huwezi kuwatofautisha kwa majani peke yake. Wanafanana mno. Unahitaji mbegu zilizokomaa na unahitaji shina la chini ya udongo. Na msukaji hakati hivyo. Msukaji anakata kabla ya mbegu, jani likiwa bado laini, na anakata juu ya mzizi ili lichipue tena. Anayeng'oa na mzizi wanamwita mharibifu. Kwa hiyo mizigo yote miwili ilikuwa majani matupu na mabua machanga. Mtu mwingine angeandika "haitambuliki" akaenda kunywa chai. Ningekuwa huyo mtu mwingine, Mungu wangu!

Lakini mimi nina kiburi cha kazi. Nilitandaza magazeti sakafuni, nikafungua mizigo, nikapitisha bua moja baada ya jingine mpaka mchana ukapita. Na nikalipata. Bua moja lililokomaa, limejichanganya na wenzake, lina masuke manne juu. Nikachovya suke kwenye maji ya moto ya chupa ya chai, nikasubiri lilainike, nikaliweka chini ya hadubini. Kila mbegu ilikuwa ndani ya kifuko chake, kifuko chembamba chenye mishipa, na juu kina mdomo mrefu uliogawanyika meno mawili. Nikakichana kwa sindano. Ndani kikonyo kidogo, juu yake mbegu ya pembe tatu, rangi ya kahawia, na kwenye ncha yake mabaki ya nyuzi tatu. Chini ya bua kulikuwa kumebaki kipande cha ala kuukuu, ile soksi ya jani, rangi ya zambarau iliyokolea, kimechanika nyuzinyuzi. Nikafungua kabati, nikatoa jalada, nikaweka bua langu kando ya yale makavu.

Ni yeye! Nilifurahi, sitaki kudanganya. Niliinuka nikapiga makofi peke yangu mle chumbani.

Barua ya mahakama niliyotakiwa kuijaza ilikuwa na sehemu mbili: jina la mmea, na mahali unapoota. Jina nikaandika. Kwa sehemu ya pili nikasoma lebo za jalada. Karatasi kumi na moja. Msituni, kivulini. Msituni, kando ya kijito. Msitu wa mlimani, udongo mweusi, kivuli kizito. Zote kumi na moja hivyohivyo. Nikaandika: "Huota ndani ya msitu wa mlimani, penye kivuli na unyevu. Hauoti mashambani." Nikatia sahihi, nikapiga muhuri.

Ile sentensi ya mwisho hakuna aliyeniomba. Askari hakuniambia niiandike. Niliiandika kwa sababu ilipendeza kumalizia.

Siku nne baadaye yule mama akaja mwenyewe. Alikuwa ametoka kwao alfajiri kwa miguu, kanga zake zimelowa mpaka magotini. Mtu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, amenyooka kwa kubeba mizigo maisha yake yote. Nikasimama nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nimesomewa. Wamesema wewe umesema majani yangu hayaoti kwangu."

"Sijasema kwako, mama. Nimesema mashambani."

"Umefika kwangu?"

Nami nikamjibu, kwa sauti yangu hii unayoisikia, "Mama, si lazima nifike. Haya mambo tumeyasomea." Halafu, ili kumwonyesha, nikamtolea jalada. Nikampangia karatasi mezani moja moja. Alikuwa anajua kusoma, pole pole, kidole chini ya maneno. Alisoma zote. Ilimchukua muda, na mimi nikawa natazama saa.

"Hawa walikuwa wanapita kwetu," akasema. "Tangu bibi yangu. Wanapita na karatasi zao na mbao zao, mbele kuna mtu wa kuwaonyesha njia. Hawakuwahi kupiga hodi."

"Walikuwa wanakwenda msituni, mama."

"Ndiyo," akasema. "Wote walikuwa wanakwenda msituni."

Akajifunga kanga vizuri, akaniaga, akaondoka. Nami nikageuka kwa dada anayetuletea chai, nikamwambia, "Wezi wa siku hizi nao wana maneno!" Nilisema hivyo. Mimi, kwa kinywa changu.

Kesho yake mchana nilikuwa narudisha lile jalada kabatini. Nikasoma lebo tena, safari hii si mahali bali waliochuma. Mbili zilikuwa na mwandiko wangu. Nikakaa chini. Nikaikumbuka siku ile. Nilikuwa kijana, nimebeba presi ya kubania mimea mgongoni, sisi watu watano, tukapanda saa tatu nzima katikati ya mashamba ya migomba na maharage na magimbi. Saa tatu, na presi haikufunguliwa hata mara moja. Tulipofika kwenye mti wa kwanza wa msitu ndipo mkubwa wetu akasema haya, tuanze kazi.

Na unajua kwa nini? Si uvivu. Si ujinga pia. Ni malezi. Mimi nimezaliwa Bigwa, na kwetu Bigwa mtoto hachumi kitu shambani kwa mtu. Hata jani. Mama yangu alinichapa kwa pera moja lililokuwa limeshaanguka chini. Ukipita shambani kwa watu unapita njiani, macho mbele, mikono yako unaijua ilipo, na mwenyewe usipomwona hugusi kitu. Unachuma pasipo na mwenyewe, na pasipo na mwenyewe ni msituni. Wazungu wa zamani nao waliongozwa na watu wetu, wakapitishwa hivyohivyo. Kumbe lebo kumi na moja hazisemi mmea unaota wapi. Zinasema sisi tuliruhusiwa kuinama wapi. Adabu yetu nzuri ndiyo iliyoandika uongo ule, na mimi nikaupigia muhuri.

Nikaenda kwa mkuu wangu. Ni kijana msomi, si mbaya, ananiita mama. Nikamwambia nataka kuiondoa barua yangu mahakamani.

"Jina umekosea?"

"Jina ni sahihi."

"Sasa tatizo liko wapi, mama?"

"Sentensi ya mwisho. Sikuwa na haki ya kuiandika."

"Una sampuli kutoka shambani?"

"Sina. Ndiyo maana nataka gari nikaichukue."

Akatazama kompyuta yake. Akasema gari limekwenda Mzumbe, akasema barua ikishafika mahakamani imefika, akasema taasisi haiwezi kuonekana inayumba kwa sababu mshtakiwa amekuja kulia ofisini. Nikamwambia hakulia! Nilipiga meza yake, kikombe kikaruka. Akaniuliza kama nimepima presha siku za karibuni. Ebo! Mwanamke akikasirika ofisini ana presha, mwanamume akikasirika ana msimamo.

Kesi ilikuwa Jumatatu. Jumapili nikapanda mwenyewe, na miguu yangu hii. Nilibeba presi, lenzi, na kijembe kidogo cha kuchimbulia, kwa sababu safari hii nilitaka mmea mzima, na shina lake la chini, na udongo wake, na picha ya nyumba ya watu ikionekana nyuma yake. Ningemwekea hakimu mezani nikamwambia, huu umechumwa shambani, mimi ndiye niliyekosea, mwachieni mama wa watu aende. Nilipanda nikijisomea maneno hayo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, njia ni utelezi mtupu, na kila niliyempita nikimuuliza kwa mama wa kata ni wapi alikuwa ananyoosha mkono juu zaidi.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikapiga hodi nikiwa bado mbali, ili asikie.

"Karibu," akasema. Hakuonekana kushangaa.

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Nilikosea. Sikuwa nimefika. Sasa nimefika. Anionyeshe majani yake yanapoota, nichukue mmea mmoja tu na mzizi wake, na kesho kesi itakwisha.

Aliweka ungo chini. Aliitazama presi, akanitazama mimi. "Umechelewa," akasema. "Njoo uone."

Shamba lake linateremka mpaka kwenye kijito. Pale chini kuna miti mikubwa iliyoachwa, mirefu kabisa, na chini ya miti ndipo chemchemi inapotokea, na juu kidogo ya chemchemi wamelala watu wa ukoo wake. Kwa Waluguru ardhi inakwenda kwa upande wa mama, na mahali kama pale hapafyekwi. Kivuli kilikuwa kizito. Udongo ulikuwa mweusi. Kila kitu kilikuwa kama lebo zangu zilivyosema. Ila kingo zote mbili za kijito, urefu wa kutoka hapa mpaka barabarani, zilikuwa zimelimwa. Udongo umegeuzwa, na juu yake yamepandwa magimbi machanga, majani mawili mawili.

Nilipiga magoti. Nikachakura kwa vidole. Nikapata kipande kimoja cha shina, kirefu kama kidole, kimefunikwa na nyuzinyuzi za zambarau. Nilikijua hata kabla ya kutoa lenzi.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi. Siku tatu, na jembe. Mengine nimechoma, mengine maji yamechukua."

Nikamfokea. Nilimfokea mtu mzima, kwake, karibu na makaburi ya kwao. "Mama! Huu ndio ulikuwa ushahidi wako! Hakuna kitu kingine duniani kingekuokoa kesho! Kwa nini?"

Aliniacha nimalize. Halafu akasema kwa utulivu ambao ulinitia hasira zaidi, "Yule kijana wa msitu alikuja baada ya barua yako. Alikaa pale, nikampa ndizi. Akaniambia, bibi, mtaalamu amesema jani hili ni la msitu peke yake. Basi tukija tukalikuta kwako, maana yake hapa ni msituni, na mpaka wa hifadhi itabidi uangaliwe upya." Akanionyesha ng'ambo ya bonde. "Yule jirani yangu wa pale, walimwambia hivyohivyo. Alikuwa na miti kama hii, ya wazee wake. Wakasema mahali penye miti ya msitu ni msitu. Mawe ya mpaka yakashuka mpaka nyuma ya choo chake. Na yule wa juu yake aliyekata miti yote akapanda maharage, hawakumgusa."

Aliyetunza ananyang'anywa, aliyefyeka analala usingizi. Na kilichofungua mlango huo ni sentensi yangu, ile niliyoiongeza kwa sababu ilipendeza.

"Nina mabinti watatu," akasema. "Hapa palikuwa pa mama yangu, na pa mama yake. Mimi nikifungwa nitatoka. Ardhi ikienda hairudi."

"Kesho utasema nini?"

"Nitasema nimeiba."

"Lakini hujaiba!"

"Najua. Na wewe sasa unajua. Yatosha." Akanyoosha mkono, akakichukua kile kipande cha shina kutoka kiganjani mwangu, akakitupa majini. "Na wewe mwanangu, wakikuuliza, usiseme ulichokiona."

Niliteremka mlima ule natukana. Nilimtukana askari aliyekula ndizi ya mtu na kumtisha. Nilimtukana mkuu wangu na gari lake la Mzumbe. Niliwatukana wachumaji wote waliowahi kupita njia ile mikono mfukoni, na lebo mbili kati ya zao zina mwandiko wangu. Na yeye pia nilimkasirikia, sikufichi, kwa jinsi alivyokuwa ameshapiga hesabu zote akamaliza, wakati mimi mwenye elimu nilikuwa bado napanda na kijembe. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili presi ilifunguka, magazeti yangu makavu yakaingia tope, nikayaacha palepale.

Jumatatu mahakama ilijaa. Watu wa sokoni walikuwa wamekuja, wanunuzi wake wa kata. Wakamsomea shtaka. Akasimama, kanga safi, akasema, "Ni kweli. Nilikata msituni." Watu wakaguna.

Ningependa kukwambia hakimu alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alikuwa mtu makini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliweka kalamu chini. Akasema mshtakiwa alipokamatwa alidai amekata shambani kwake, na leo amebadilisha, na yeye hapendi kumhukumu mama mtu mzima aliyekiri kwa woga. Akauliza kama mtaalamu aliyeandika barua yupo. Nikasimama. Nikaitwa mbele, nikashikishwa msahafu, nikaapa kusema kweli.

"Umeandika kwamba mmea huu hauoti mashambani," akasema. "Nataka nisikie kwa kinywa chako. Je, kuna uwezekano wowote ukaota kwenye shamba la mtu? Ukisema upo, nitaiahirisha kesi hii, twende wote tukaangalie."

Twende wote tukaangalie! Ndivyo alivyosema. Neno ambalo ningelitoa roho yangu kulisikia wiki moja nyuma. Sasa kwenda kuangalia kulikuwa ni kumpeleka askari wa msitu mpaka chini ya ile miti ya wazee wake. Nikageuka kumtazama yule mama. Alikuwa ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, na kucha zake zilikuwa bado na udongo mweusi. Hakunisihi. Alinitazama tu, kama mama anavyomtazama mtoto aliyetumwa dukani na hela yote ya nyumba.

Nilitaka kupiga kelele mbele ya wote: unaota! Unaota kwake, unaota kwa bibi yake, ulikuwa unaota pale kabla ya makabati yangu kutengenezwa, na kama mnataka kujua aliyeung'oa, aliyeung'oa ni mimi, kwa kalamu!

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. "Hauoti."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaandika. Akasema mahakama inamshukuru mtaalamu kwa kuisaidia kufikia haki. Kisha akamhukumu yule mama miezi sita ya kufyeka majani kuzunguka ofisi ya msitu, bila malipo, kila siku ya kazi, kupanda na kushuka kwa miguu. Nyuma yangu mtu akasema hiyo ni adhabu nafuu kwa mwizi, na mwingine akaitikia, ni kweli, wamemwonea huruma.

Walipomteremsha kizimbani alipita karibu yangu, akasimama. Askari polisi aliyemshika mkono naye akasimama.

"Asante, mwanangu," akaniambia, kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia.

Karani wa mahakama akacheka. Alidhani ananikejeli.